Spea Ziko Wapi?

Hafla ya kukabidhi vifaa vya maabara ina utaratibu wake, na sote tunaujua. Meza inatandikwa kitambaa, maboksi yanapangwa juu yake, mgeni rasmi anakata utepe, picha zinapigwa, soda zinanyweka. Mfadhili anasema vifaa hivi vitaleta mapinduzi katika elimu. Mkuu wa idara anashukuru na kumwomba asichoke kutukumbuka. Baada ya hapo watu wanatawanyika. Katika hafla zote za namna hiyo nilizowahi kuhudhuria, kuna swali moja sijawahi kulisikia likiulizwa kwenye kipaza sauti: spea ziko wapi?

Nataka kulitetea swali hilo, na naomba nipite njia ndefu kidogo, njia ya kilomita 400 hivi kwenda juu. Huko kuna stoo ambayo kwa maoni yangu inastahili kusomwa na kila idara, kila shule na kila kamati ya bajeti hapa nchini. Sisi ambao hadubini zetu zinakufa kwa kukosa balbu tuna mengi ya kujifunza kwa watu waliofunga pampu nje ya nyumba yao miaka minne kabla haijahitajika.

Stoo iliyoko nje

Kituo cha Kimataifa cha Anga kinaizunguka dunia mara 16 hivi kwa siku. Tangu Novemba 2000 hakijawahi kukosa watu ndani. Picha tunazotumiana kwenye simu ni za wanaanga wanaelea, wanakula chakula kinachoruka, wanacheza na matone ya maji. Sawa, zinafurahisha. Lakini kituo kinaishi kwa sababu ya vitu vilivyoko nje, na hivyo havipigwi picha sana.

Ukiitazama picha ya kituo kizima utaona uti mrefu wa chuma, una paneli za jua huku na huku. Urefu wake unafika mita 109, karibu uwanja mzima wa mpira. Kwenye uti huo, na kwenye kuta za baadhi ya vyumba, yamefungwa majukwaa. Ukitaka kuyaelewa haraka, fikiria kichanja cha vyombo nyuma ya jiko la nyumbani: kiko nje, kinapigwa na jua, na kila chombo kina mahali pake. Ndiyo hivyo hivyo, isipokuwa kichanja hiki kinabeba pampu na matangi, na kinakwenda kasi ya kilomita 28,000 kwa saa.

Majukwaa haya ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kuhifadhia tu. La mwanzo lilifungwa Machi 2001 kwenye maabara ya Destiny, na lilikuwa dogo, nafasi ya vifaa viwili basi. La pili lilifika 2005, la tatu 2007. Hayana mbwembwe. Yanaishika spea isiende popote, na yanaipa umeme kidogo wa kuipasha joto ili baridi isiiharibu. Aina ya pili ilikuja baadaye na ni kubwa zaidi. Yako manne: mawili yalipelekwa Novemba 2009, mengine mawili 2011. Kila moja linaweza kubeba zaidi ya tani 4. Haya yana umeme wa kutosha na njia za kupitishia data, kwa hiyo jukwaa moja linaweza kubeba spea upande huu na jaribio la kisayansi upande ule.

Kwa nini stoo iwe nje? Kwanza, ndani nafasi ni ndogo. Pili, vitu vyenyewe ni vya kufungwa nje, tena ni vikubwa. Tatu, vingine ni vya hatari: tangi la amonia hutaki kulala nalo chumba kimoja. Lakini nje nako si mahali pa huruma. Upande unaopigwa na jua joto linaweza kuzidi nyuzi 120 za Selsiasi, na kivulini baridi inashuka hadi nyuzi 150 chini ya sifuri na zaidi. Kwa hiyo kuweka spea nje kulitaka akili: kuifunika, kuipasha joto, na kuikalisha kwenye kitako chenye komeo ambalo mtu aliyevaa glavu nene, au mkono wa roboti, anaweza kulifungua. Aliyebuni jukwaa alikuwa anamfikiria fundi wa siku ya shida, mtu aliyechoka, mwenye haraka, na asiyeweza kurudi dukani.

Siku pampu ilipokata

Tarehe 31 Julai 2010 pampu moja ya amonia ilisimama. Kwa ambao hawajui: kituo kina mizunguko miwili ya kupoza iliyoko nje. Amonia inapita kwenye mabomba, inabeba joto la mitambo, inalipeleka kwenye vipozeo vikubwa, joto linatoka kwenda angani. Pampu ikisimama, mzunguko umesimama. Siku ile kituo kilipoteza nusu ya uwezo wake wa kupoza kwa mpigo mmoja. Mitambo mingi ilibidi izimwe au ipunguzwe, majaribio yakakatizwa, na watu sita waliokuwa ndani wakabaki wanategemea mzunguko mmoja uliobaki. Huo nao ukisimama, habari inakuwa nyingine kabisa.

Sasa jiulize, ungekuwa wewe ungefanyaje? Pampu yenyewe ina uzito wa kilo 350 hivi. Kuagiza nyingine maana yake ni kungoja roketi.

Tarehe 7 Agosti wanaanga wawili, Doug Wheelock na Tracy Caldwell Dyson, walitoka nje. Walikaa huko saa 8 na dakika 3. Kiungo kimoja cha bomba kiligoma kuachia, na kilipolegea kikavuja, amonia ikawa inatoka kama chembe za theluji. Wakarudi ndani kazi haijaisha. Tarehe 11 wakatoka tena, safari hii pampu mbovu ikang'oka. Tarehe 16 wakatoka kwa mara ya tatu, wakafunga pampu nyingine mahali pake. Mzunguko ukafufuka.

Hiyo pampu nyingine ilitoka wapi? Ilitoka kichanjani, kwenye jukwaa la pili, lile lililofungwa 2005. Ilikuwa imepelekwa huko Julai 2006. Miaka minne ilikaa pale haifanyi kazi yoyote. Mkaguzi wa hesabu mwenye haraka angeiona mwaka 2008 angeandika kwamba kuna kifaa cha gharama kubwa kimekaa bure.

Stori haikuishia hapo. Desemba 2013 pampu hiyo hiyo iliyofungwa 2010 nayo ikaleta shida, valvu yake haifanyi kazi sawasawa. Rick Mastracchio na Mike Hopkins wakatoka tarehe 21 na tarehe 24, mkesha wa Krismasi, wakaenda kwenye jukwaa la tatu, wakachukua spea nyingine, wakafunga. Mwaka 2010 kazi ilichukua safari tatu za kutoka nje. Mwaka 2013 ilichukua mbili.

Na pampu ya kwanza, ile mbovu? Haikutupwa. Julai 2011 ilirudishwa duniani na Shuttle ya mwisho kabisa kuruka, ili mafundi waifungue waone kilichoiua. Naomba msisahau jambo hili, nitalirudia.

Maskini wa usafiri ndiye anayehitaji stoo

Najua kuna msomaji ameshaanza kusema: hao ni Wamarekani, wana hela, wewe unatulinganishaje? Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na nadhani imekaa kinyume.

Hebu tuangalie kwa nini majukwaa yale makubwa yalijazwa. Mwaka 2004 Marekani ilitangaza kwamba vyombo vya Shuttle vitastaafishwa baada ya kumaliza kujenga kituo. Shuttle ndiyo ilikuwa lori lao. Ndiyo iliyokuwa na bodi kubwa ya kubeba mizigo mikubwa ya namna hiyo kwa wingi. Walipojua kwamba lori linaondoka, waliuliza swali la busara: ni vitu gani vikifa baada ya hapo hatutaweza kuvileta kirahisi? Wakavipeleka mapema. Safari ya Novemba 2009 peke yake ilibeba majukwaa mawili yenye mzigo wa takriban tani 12: pampu, matangi ya amonia na ya nitrojeni, vifaa vya kukipa kituo mwelekeo, hata kiganja cha akiba cha mkono wa roboti. Karibu vyote havikuwa na kazi ya kufanya siku ile.

Kwa maneno mengine, waliweka akiba kwa sababu walikuwa wanakaribia kuwa maskini wa usafiri. Mtu aliye karibu na kiwanda hahitaji stoo kubwa, anapiga simu tu na jioni kitu kimefika. Anayehitaji stoo ni yule ambaye spea yake inatoka mbali, inapita mikono mingi, na haijulikani itafika lini.

Sasa niambie, hapo ni nani anayefanana na sisi? Balbu ya hadubini ya idara ikiungua, safari yake inaanza kwa barua. Barua inakwenda kwa mkuu wa idara, inakwenda manunuzi, wanatafutwa wazabuni watatu wa kutoa bei, mmoja anasema kifaa hicho hakiuzwi nchini, kinaagizwa nje, kinafika bandarini, kinasubiri kutolewa. Muhula umeisha. Waliotakiwa kukitumia wamefanya mtihani kwa kuchora picha ya ubaoni. Sisi Shuttle yetu ilishastaafu zamani. Wenzetu walioona hali hiyo inakuja walijaza kichanja. Sisi tunaishi ndani yake kila siku na kichanja kiko tupu.

Huku chini hali ikoje

Mimi nasomea ualimu. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya sekondari, jina lake si muhimu. Maabara yao ilikuwa na hadubini sita na projekta tatu, vyote msaada, vyote vikiwa na stika ya mfadhili. Hadubini mbili zilikuwa nzima. Moja ilikosa kioo cha chini, nyingine skrubu ya kurekebishia lenzi ilikuwa imeliwa meno, mbili zilikuwa za umeme na balbu zimeungua. Projekta zote tatu zilikuwa zimekufa taa. Kidato cha pili kilikuwa na wanafunzi 68. Fanya hesabu mwenyewe: wanafunzi 34 kwa kila hadubini nzima, kipindi cha dakika 80. Kila mtoto anapata dakika mbili na kidogo, hapo hujatoa muda wa kupanga mstari na kugombana.

Kinachoniuma ni kwamba shule ile haikuwa maskini wa vifaa. Ilikuwa na vifaa vya kutosha kuendesha somo vizuri. Ilichokosa ni balbu mbili, kioo kimoja, skrubu moja na taa tatu. Ukivikusanya vyote hivyo vinaingia kwenye mfuko wa kawaida wa sokoni.

Mtalaamu wa maabara pale alikuwa mtu makini. Alikuwa ameandika barua. Alinionyesha nakala zake kwenye faili, nyingine zimeanza kugeuka rangi. Uzembe haukuwa wake. Tatizo lilikuwa kwenye mfumo unaojua kununua kifaa lakini haujui kukitunza. Kwenye bajeti kuna kifungu cha ununuzi, na kwenye ripoti kuna sehemu ya kuonyesha vifaa vipya vilivyopokelewa. Hakuna sehemu ya kuonyesha vifaa vya zamani ambavyo bado vinafanya kazi. Kwa hiyo hakuna anayesifiwa kwa hadubini ya mwaka 2009 ambayo mpaka leo inawaka.

Na matokeo yake tunayabeba sisi. Mwalimu ambaye chuoni hakuishika hadubini hatamfundisha mtoto kuishika. Ataogopa. Ataichora ubaoni, atawaambia wanakili, na mwaka utaisha salama. Watoto hao baadhi watakuja kuwa walimu. Balbu moja isiyonunuliwa leo inaweza kutengeneza vizazi viwili vya watu wanaoijua sayansi kwa kuchora.

Stoo na maabara ni ndugu

Kuna hoja nyingine, na hii naiheshimu zaidi: hela ni kidogo, tukinunua spea tutanunua vifaa vichache, na utafiti utakosa. Yaani spea na sayansi zinagombania sahani moja.

Kule juu zinakaa kwenye kichanja kimoja. Kwenye lile jukwaa kubwa la pili, lililopelekwa Novemba 2009, kuna darubini ya eksirei inaitwa NICER, iliyofungwa 2017. Kazi yake ni kutazama nyota za nyutroni, mabaki ya nyota zilizolipuka, ambazo zina uzito unaozidi wa jua letu lakini upana wake hauzidi mji mkubwa. Mwaka 2019 wanasayansi waliitumia kupima nyota moja ya namna hiyo, wakapata upana wa kilomita 26 hivi. Kwa sisi wa huku kuna cha kuongeza: setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kazi ya kutazama anga kwa eksirei ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, ikaitwa Uhuru. Elimu hii ina jina la Kiswahili tangu utoto wake.

Sasa Mei 2023 vifuniko vyembamba vya NICER vilipata matundu, mwanga wa jua ukawa unaingia na kuharibu vipimo vya mchana. Darubini hii haikubuniwa ije itengenezwe huko juu. Lakini kwa kuwa ilikuwa kwenye jukwaa linalofikika, mafundi walishona mpango: walitengeneza viraka duniani, vikapelekwa, na tarehe 16 Januari 2025 mwanaanga Nick Hague akatoka nje akavipachika. Viraka! Kitu ambacho bibi zetu wamefanya kwenye magunia na kanga miaka yote. Sikusikia mtu akisema kiraka kimeishushia hadhi darubini. Kifaa kiliharibika, kikatengenezwa, kikaendelea na kazi mchana.

Ndiyo maana nasema spea na sayansi hazigombani. Pampu ya akiba ya 2010 haikuchukua nafasi ya jaribio lolote. Ndiyo iliyofanya majaribio yaliyozimwa yawashwe tena. Bila kichanja cha spea, kichanja cha majaribio ni mapambo.

Na majaribio yenyewe ya nje si mambo ya mbali na sisi kama tunavyodhani. Novemba 2022 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na FAO walipeleka mbegu kituoni, nyingine zikawekwa ndani na nyingine nje zipigwe na mionzi na baridi. Moja ya mbegu hizo ilikuwa mtama. Lengo ni kutafuta mabadiliko yatakayosaidia kupata mazao yanayovumilia ukame na joto. Chombo kilekile kilichopeleka mbegu hizo kilibeba PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, ambayo ilirushwa kutoka sehemu ya Wajapani ya kituo, maabara iitwayo Kibo. Kwao neno hilo ni tumaini. Kwetu ni kilele cha Kilimanjaro. Kabla ya hapo, Mei 2018, kutoka hapo hapo Kibo ilitoka 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, setilaiti ndogo unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja. Na kwenye jukwaa la nje la Wazungu liitwalo Bartolomeo, lililofungwa 2020 kwenye maabara ya Columbus, nafasi iliyoshindaniwa kupitia Umoja wa Mataifa ilichukuliwa na mradi wa ClimCam, kamera ya kufuatilia tabianchi, kazi ya pamoja ya Misri, Kenya na Chuo Kikuu cha Makerere.

Wanafunzi wa Nairobi na Makerere wana vichwa kama vyetu na wanakula ugali kama sisi. Nafasi za namna hiyo zikitangazwa tena, chuo kitakachoomba ni kile ambacho wanafunzi wake wamezoea kushika vifaa, kuvifungua, kuvipima na kuvirudishia. Jaribio la angani linaanzia kwenye benchi la maabara. Benchi lenye oskiloskopu tano zilizokufa fyuzi halitoi jaribio lolote.

Vipi spea zikioza stoo?

Pingamizi la mwisho. Watu watasema spea zitakaa, zitaibiwa, zitapitwa na wakati, na mwisho zitakuwa hasara. Hata kituo chenyewe kimepangiwa kustaafu mwaka 2030 hivi, kisha kishushwe kianguke baharini, sehemu ya mbali ya Pasifiki. Kuna spea zitakazokwenda nacho bila kuguswa. Hiyo si hasara?

Mwulize dereva wa basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza. Amefika Mwanza salama, tairi la akiba halikuguswa. Je, safari ijayo aliache nyumbani? Tairi lilifanya kazi yake njia nzima: lilimruhusu aondoke. Wahenga walisema akiba haiozi, na naona walikuwa wanazungumzia jambo hili hili. Kuhusu wizi, dawa yake ni daftari na kufuli, na vyote viwili tunavyo. Kuhusu kupitwa na wakati, hiyo ni sababu ya kuchagua vizuri cha kuweka. Wale wa juu hawakuweka akiba ya kila kitu. Waliorodhesha vitu ambavyo kifo chake kinasimamisha vingine, wakaanza na hivyo. Kwenye hadubini ni balbu na fyuzi. Kwenye projekta ni taa. Kwenye kompyuta za maabara ni vyanzo vya umeme na feni. Mtu yeyote aliyekaa maabara miaka mitatu anaweza kukuandikia orodha hiyo bila kufungua kitabu.

Tunachotakiwa kudai

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na nayaelekeza kwa serikali yetu ya wanafunzi, kwa kuwa wawakilishi wetu wanakaa kwenye vikao ambako bajeti zinapita.

Kwanza, kila kifaa kinachonunuliwa kwa ada zetu, na kila msaada unaopokelewa, uje na spea zake. Mimi ningesema walau sehemu moja ya kumi ya bei iende kwenye spea. Mfadhili akiambiwa hivyo hatakasirika. Hadubini tisa zinazowaka miaka kumi ni jina zuri kwake kuliko kumi zilizokufa baada ya miaka miwili huku stika yake inaonekana.

Pili, tuache kukusanya vifaa vya aina kumi tofauti. Majukwaa ya angani yanafanya kazi kwa sababu vitako na makomeo yanafanana. Shule yenye projekta tatu za kampuni tatu inahitaji stoo tatu. Yenye projekta tatu za aina moja inahitaji taa moja ya akiba, na zote ziko salama.

Tatu, kila maabara iweke ukutani orodha ya vifaa vyake: vizima vingapi, vibovu vingapi, vimekosa nini, na barua iliandikwa lini. Tuone wote. Mwanafunzi anayelipia mafunzo kwa vitendo ana haki ya kujua kwamba somo lake limekwama kwa ajili ya fyuzi.

Nne, na hapa narudi kwenye ile pampu mbovu iliyorudishwa duniani. Vifaa vilivyokufa visirundikwe kwenye chumba cha nyuma vikisubiri kibali cha kufutwa huku vumbi likivila. Wapewe wanafunzi wa uhandisi na wa ualimu wa sayansi, chini ya usimamizi, wavifungue, waone kilichoviua, wachomoe vinavyofaa. Kifaa kibovu ni kitabu. Taratibu za mali za umma zinahitaji kufuatwa, sawa, lakini taratibu zinaweza kuandikwa zikaruhusu kujifunza. Mwalimu anayetoka hapa akiwa ameshafungua hadubini na kuirudishia ataweza kuiokoa ya shuleni kwake, hata kama shule hiyo iko mwisho wa barabara ya vumbi na fundi wa karibu yuko wilaya nyingine.

Hakuna katika haya kinachohitaji roketi. Yanahitaji kifungu kimoja kwenye bajeti, daftari moja, kabati lenye kufuli, na mtu wa kuuliza. Kikao cha bajeti cha muhula ujao kiko karibu, na kila idara itapeleka orodha ya vifaa inavyotaka vinunuliwe. Wawakilishi wetu, mkiipokea orodha hiyo, kabla hamjanyoosha mkono kuipitisha, ulizeni mbele ya wote: spea ziko wapi? Msikae chini mpaka mjibiwe.